Siku moja ya wawili mjini Bukavu: namna ya kulifuata ziwa kuanzia alfajiri hadi jioni

Mgeni anayefika Bukavu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba mji uliojengwa juu ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, unaweza kumnyima ziwa lenyewe. Barabara kuu, ile ya Patrice Emery Lumumba, hupita juu juu, mgongoni mwa kilima, na huko chini kando ya maji karibu kila kipande cha ardhi ni parisela, yaani kiwanja cha mtu, chenye ukuta mrefu na geti la chuma. Ziwa huchungulia kati ya nyumba mbili, likapotea, likachungulia tena nyuma ya miti, na kabla hujaitoa simu mfukoni limekwisha kujificha. Ndiyo maana wenzi wengi wanaokuja kutembea kwa siku moja huishia kwenye baraza la hoteli moja, wakapiga picha mbili, wakarudi kwao wakidhani wameuona mji.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao, na pia kwa mume na mke wakazi wa hapa hapa, ambao wamezaa na kulea Bukavu bila kujipa hata siku moja ya kuuzunguka mji wakiwa wawili. Ninachokishikilia ni kwamba siku ya Bukavu hupangwa kwa kufuata mahali ziwa linapofunguka, na kwamba saa ya kufika kila mahali huamuliwa na mwanga, upepo na mvua. Orodha ndefu ya vivutio haisaidii kitu hapa. Mkijaza siku kwa mambo kumi, mtayaona yote kupitia dirisha la gari.

Kabla ya siku yenyewe

Anzeni na habari za usalama, kwa sababu hakuna matembezi yanayostahili kuhatarisha uhai wa mtu. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwezi Februari 2025, mambo ya usafiri, ya benki na ya saa za kutembea yamekuwa yakibadilika mara kwa mara, na habari ya mwezi uliopita haitoshi. Jioni ya kuamkia siku yenu, mpigieni simu mtu anayeishi katika mtaa mnaotaka kwenda, mumuulize hali ya usiku uliopita na hali ya barabara. Akisita kujibu, ahirisheni. Ziwa litakuwepo hata wiki ijayo. Wanaotoka Goma kwa njia ya maji waulize bandarini kwanza kama vyombo vinasafiri. Kwa kawaida boti ya mwendo wa kasi hutumia saa mbili hadi tatu, na meli kubwa husafiri usiku kucha, kwa hiyo anayekuja kwa meli apange kulala Bukavu usiku mmoja kabla ya matembezi badala ya kuanza siku akiwa na usingizi machoni.

Kila mmoja abebe kadi yake ya mpiga kura au pasipoti, na muwe na nakala iliyokunjwa kwenye begi. Fedha chukueni mkononi, dola kidogo na franga nyingi. Dola iwe noti safi: noti iliyochanika hata ukingoni, au yenye alama ya kalamu, itakataliwa na muuzaji wa kwanza hadi wa mwisho, na mtapoteza nusu saa mkibishana. Franga ziwe ndogo ndogo, kwa ajili ya motari, yaani dereva wa pikipiki, chai na karanga. Ni vyema mkakubaliana nyumbani, mkiwa mmekaa, ni kiasi gani kitatumika siku hiyo na ni nani atakayeshika mkoba, kwa sababu ugomvi wa fedha mbele ya mvuvi anayesubiri malipo huiharibu siku kuliko mvua.

Kuhusu majira, watu wengi huchagua kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, wakiogopa matope. Nawaelewa, lakini mjue kwamba katika miezi hiyo moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hukaa juu ya maji, na siku nyingi vilima vya Rwanda, vilivyo karibu kabisa, huonekana kama kivuli tu. Mimi huchagua mwezi wa tano unapoelekea kuisha, au Septemba baada ya mvua za kwanza kuisafisha hewa. Mvua ya hapa mara nyingi hunyesha mchana, na hiyo ndiyo sababu kazi yote ya miguu na ya mtumbwi nimeiweka asubuhi. Mji uko katika kimo cha takriban mita 1,500, hivyo asubuhi ni baridi. Sweta ni lazima, na viatu viwe vyenye soli inayoshika, kwa kuwa hapa hakuna barabara inayokwenda tambarare kwa dakika kumi.

Hatua ya kwanza: La Botte kabla jua halijawa kali

Mfike La Botte saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bukavu imekaa juu ya rasi kadhaa zinazoingia ziwani, na watu wa hapa hupenda kuulinganisha mji wao na mkono wenye vidole vitano uliotumbukizwa majini. La Botte ni mojawapo ya vidole hivyo, na jina lake la Kifaransa lina maana ya buti, kwa sababu ukiitazama kwenye ramani unaona mguu uliovaa kiatu. Nyingine mtazisikia zikitajwa siku nzima: Muhumba, Nguba, Ndendere.

Mwambieni motari awashushe mwanzoni mwa rasi, kisha mwendelee kwa miguu. Tembeeni polepole, mkiacha nafasi kwa wanaokimbia mazoezi, na mtazame majumba ya zamani ya enzi za ukoloni, yenye kona za mviringo na madirisha marefu. Mji huu ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1901, na tangu 1927 uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950 uliporudishiwa jina la Bukavu, ambalo wazee wa kabila la Bashi hulieleza kwamba limetokana na neno lao la ng'ombe, yaani mahali pa kufugia ng'ombe. Nyumba nyingi za wakati huo bado zinasimama, nyingine zimepakwa rangi upya, nyingine zimebebeshwa ghorofa ambazo hazikukusudiwa kuzibeba. Msipige picha za mageti yenye walinzi wala za majengo ya serikali, na mkikutana na askari salimieni kwanza kabla hawajawasalimu ninyi.

Kwenye La Botte mtaona ziwa kati ya parisela mara nne au tano tu. Simameni kila mara. Mahali pazuri ni pale ambapo njia ya miguu hushuka hadi majini na wanawake hufulia nguo. Msishuke moja kwa moja kama mnaoingia dukani, bali subirini juu, msalimie, na mtakaribishwa. Hapo, mkiwa na bahati, mtawaona wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wadogo, wakirudi.

Chombo chao kinastahili kutazamwa kwa makini. Ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, ikiachana kwa hatua kadhaa, na kutoka mbele na nyuma hutokeza fito ndefu zilizopinda kama sharubu za kamba wa baharini, ambazo hushikilia wavu mkubwa. Wakati wa kurudi taa zimezimwa, wavu umefungwa, na watu hupiga kasia kwa pamoja wakiimba. Mmoja hutoa ubeti, wengine huitikia pale kasia linapozama. Sauti huwafikia kabla ya chombo. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hawatoki, kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki juu wakati ziwa lote limeangazwa, kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe tazameni mwezi. Mkija siku mbili tatu tu baada ya mwezi mpevu, mtakuta maji matupu.

Hatua ya pili: muda wa saa moja na nusu juu ya maji

Safari ya mtumbwi ifanyike kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, si baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulipotoka hivi tuliamka tumechelewa, tukakodi mtumbwi saa nane mchana, bei tukapatana ya kwenda tu, na majaketi ya kuelea hatukuuliza kama yapo. Tulipofika katikati ya ghuba upepo ulitoka upande wa kaskazini, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, na nikakaa sakafuni nimekumbatia begi huku mume wangu akimwaga maji nje kwa kikopo cha nyanya. Tulirudi salama, tukalipa mara mbili. Mvuvi mzee aliyetupokea ufukoni hakutukemea. Alisema tu: «Mama, maji iko mupole asubui, nyuma ya midi inakasirika.» Tangu siku hiyo sijapanda mtumbwi mchana.

Kwa hiyo, kabla ya mguu kuingia chomboni, patana bei ya kwenda na kurudi, katika sarafu iliyotajwa kwa jina, na saa ya kurudi. Ombeni mwonyeshwe majaketi na myavae, hata kama ninyi ni waogeleaji; Ziwa Kivu huwa na kina kirefu hatua chache tu kutoka ufukoni, na katika sehemu yake ya ndani kabisa kina chake hufikia karibu mita 480. Kama chombo kina injini, angalieni mafuta, na muulize kama kuna kasia la akiba. Mtu akiwadharau kwa kuuliza maswali hayo, mwacheni, mtafute mwingine. Hoteli za kando ya ziwa mara nyingi huwa na boti zao, ghali kidogo, lakini zenye mtu wa kuulizwa iwapo jambo litaharibika.

Mwambieni nahodha azunguke ncha ya rasi mbili tu na asikimbilie visiwa. Kutoka majini ndipo mtakapouelewa mji: vile vidole mlivyosimuliwa vinaonekana kimoja kimoja, bustani zilizofichwa nyuma ya kuta zinashuka hadi ukingoni, na juu yake, nyuma ya miti, mtaa wa Kadutu unapanda kilima, nyumba juu ya nyumba, mabati yakimetameta. Hapo hueleweka pia jinsi mji mmoja unavyoishi maisha mawili, wa kwenye maji na wa kwenye mteremko, na huyo wa kwenye mteremko ndiye anayeamka na hofu ya udongo kuporomoka kila mvua kubwa inaponyesha.

Wageni wengi huuliza habari za gesi. Ni kweli kwamba chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi ya methani na ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini, na kwamba upande wa Rwanda, huko Karongi, methani hiyo huvutwa ili kuzalisha umeme. Imeshikiliwa chini na uzito wa maji, na haimdhuru mtu anayepiga kasia juu. Mamba hawamo ziwani. Kinachoua watu hapa ni upepo, kujaza chombo kupita kiasi na kukosa jaketi.

Chai, kisha kanisa kuu

Mkitoka majini mtakuwa na baridi na njaa. Tafuteni chai ya maziwa yenye tangawizi na mikate ya moto kwenye kibanda chochote chenye wateja wengi, mkae nusu saa bila kupanga kitu. Wenzi wanaotembea pamoja huhitaji nusu saa kama hii kuliko wanavyodhani, kwa sababu hadi hapo wametazama vitu tu, hawajatazamana.

Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix haliko mbali, na mtalitambua kwa kuba lake kubwa na kuta zake nyeupe. Hata msio Wakatoliki mnaweza kuingia, mradi hakuna misa na mavazi yenu ni ya heshima. Kuna ubaridi na ukimya humo ndani, na mwanga hushuka kutoka juu. Kabla ya kuondoka, mtafute kaburi la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyebaki mjini vita vilipokaribia mwaka 1996, akaendelea kuwatetea raia na wakimbizi kwa sauti, na akauawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Watu wa hapa husimama mbele yake na kukaa kimya kitambo, na ni adabu kufanya vivyo hivyo. Usimpige picha mwenzako akitabasamu karibu na kaburi hilo. Nimeona vijana wakifanya hivyo, na nimeona pia mama mmoja mzee akigeuka na kuondoka.

Walio na hamu ya mambo ya kale waulize pia juu ya makumbusho madogo ya mapadre Waksaveri, yaliyokusanya vyombo vya watu wa Kivu: vibuyu, ngoma, vinyago, viti vya wazee. Saa za kufungua si za uhakika kila siku, kwa hiyo anayetaka kwenda apige simu au amtume mtu aulize mapema.

Hatua ya tatu: soko, na chakula cha mchana

Hapa inabidi mchague. Soko la Kadutu ndilo kubwa, na ndilo lenye kila kitu, lakini lina msongamano mkali na mikono myepesi. Mwende huko tu mkiwa na mwenyeji, bila begi mgongoni, simu ikiwa imefichwa. Nyawera ni dogo zaidi na ni rahisi kwa wawili wasiolizoea jiji. Kwa siku ya kwanza ningewapeleka Nyawera. Nunueni vikwembe, yaani vitenge, kama mnahitaji, kahawa ya arabika inayolimwa kando ya ziwa hili, na jibini ya Masisi ikiwa imefika, lakini msinunue vitu vizito kwa kuwa mtavibeba hadi jioni.

Sambaza ndilo jambo ninalotaka mlitazame kwa karibu. Samaki huyu mdogo, asiyezidi urefu wa kidole, si mzaliwa wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaliana hadi akawa chakula cha kila siku cha watu wa pande zote mbili za maji. Aliyevuliwa usiku huohuo hung'aa kama sindano mpya, na mgongoni ana mstari wa bluu ambao hufifia kadiri jua linavyopanda. Mama muuzaji huwapima kwa bakuli, akawarundika hadi wengine wateleze, kisha huongeza konzi moja juu ya kipimo, na hiyo konzi ndiyo inayomrudisha mteja kesho. Mguse mmoja kwa ncha ya kidole: tumbo likiwa gumu ni mzuri, kidole kikiacha shimo, mshukuru mama na uendelee na safari. Saa tano asubuhi bado mtapata wazuri, saa nane ni bahati nasibu.

Kwa chakula cha mchana, basi, agizeni sambaza wa kukaanga, wazima na vichwa vyao, waliokolezwa chumvi na kukaangwa hadi wavunjike kwa mlio mdomoni, pamoja na ndimu, pilipili mbichi, bugali na sombe, yaani kisamvu. Sombe nzuri huwa imetwangwa laini, imechemka kwa saa nyingi, na mawese yake yameelea juu kama pete za rangi ya chungwa. Kama mmoja wenu hali samaki, michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, na makemba, yaani ndizi, za kuchoma zitamtosha, ingawa michopo huhitaji subira ya karibu saa nzima na mtu asiye na subira asiiagize. Kuleni kwa mkono. Anayetaka kuonja kasiksi, ile pombe ya ndizi, aonje kidogo tu, maana utamu wake huficha nguvu zake na bado kuna safari mbele.

Mvua ikianza wakati wa chakula, msikimbie. Kaeni hapo hapo. Mvua ya Bukavu hupiga kwa nguvu, mitaro hujaa maji mekundu, motari hujificha chini ya vibaraza, na baada ya saa moja mara nyingi jua hurudi na hewa inakuwa safi kuliko asubuhi.

Hatua ya nne: mahali ziwa linapokuwa mto

Karibu saa tisa alasiri chukueni gari kuelekea upande wa mashariki, kupitia Nguba, hadi maeneo ya mto Ruzizi. Mtashuka kabla ya kituo cha mpaka, katika sehemu ambayo dereva mwenyeji ataikubali, na simu zikae mfukoni, kwa sababu kupiga picha darajani na mpakani hakuruhusiwi. Watu wengi huniuliza kwa nini niwapeleke mahali pasipopigwa picha. Ni kwa sababu hapa ndipo ziwa zima, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,700, linapotokea kwa mlango mmoja.

Simameni mtazame maji yanavyoanza kuvuta. Juu kidogo bado ni ziwa, limetulia. Hatua chache baadaye uso wake unakunjamana, majani yanayoelea yanaanza safari, na tayari ni mto. Kutoka hapa, katika kimo cha karibu mita 1,460, Ruzizi huteremka karibu mita 700 hadi kuingia Ziwa Tanganyika upande wa Uvira na Bujumbura, na ndiyo maana kilomita chache tu kutoka mjini kulijengwa bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Wanajiolojia hueleza kwamba maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile, hadi volkano za Virunga zilipoinuka na kuziba njia. Maji yakapanda, yakajaa mabonde, yakazigeuza sehemu za vilima kuwa rasi na visiwa, na mwishowe yakafurika kusini na kupata tundu hapa. Vile vidole vitano mlivyoviona asubuhi ni vilima vilivyozama hadi kiunoni. Kila mara ninapomweleza mtu jambo hili akiwa amesimama pale, namwona akigeuka kuutazama mji upya.

Upande wa pili wa maji ni Rwanda, na nyumba za Cyangugu zinaonekana kwa macho matupu. Msipange kuvuka siku hiyohiyo. Foleni na karatasi za mpakani hazitabiriki, na siku yenu itamezwa na dirisha la ofisi.

Nusu saa inatosha hapa.

Yale ya kuachwa

Wengi watawashauri muongeze Mbuga ya Kahuzi-Biega, yenye gorila, wale sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki. Ni mahali pa thamani, palipotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1970 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1980, lakini ni safari ya siku yake yenyewe, na usalama wake lazima uulizwe mbugani kwenyewe. Idjwi vilevile, kisiwa kile kinataka angalau usiku mmoja. Na kuhusu hospitali ya Panzi, ambayo watu hutaka kuiona kwa sababu ya Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa mji huu aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, naomba kwa dhati msiende kutazama. Waliomo humo ni wanawake wanaotibiwa majeraha yao. Anayetaka kuiheshimu Panzi atafute namna ya kuichangia, aipite barabarani kimya.

Hatua ya mwisho: jioni, upande wa magharibi

Kosa ambalo hata wenyeji hulifanya ni kwenda kuliangalia jua likizama kutoka upande wa Nguba, ambako ziwa liko mashariki na jua liko kisogoni. Jioni rudini La Botte, au mtafute baraza lolote linalotazama ghuba ya magharibi, kuelekea Bagira na milima ya Kabare. Hoteli kadhaa za kando ya maji hukubali wageni wanaokunywa tu bila kulala. Ile ya Orchids inajulikana kwa bustani zake zinazoshuka kwa ngazi hadi ziwani, na ziko nyingine za bei nafuu. Fikeni saa kumi na nusu, mwagize soda au bia moja ya Primus mgawane, na mkae viti vyote viwili vikiwa vimeelekea majini.

Jua la Bukavu huondoka mapema kuliko saa inavyosema, kwa kuwa milima hulipokea kabla halijafika upeo wa macho. Karibu saa kumi na moja na nusu maji ya ghuba hugeuka rangi ya shaba, kisha kivuli cha Kabare hutambaa juu yake kutoka ng'ambo kuja kwenu, polepole, na mnaweza kukifuata kwa macho hadi kiwafikie miguuni. Wakati huohuo mitumbwi mitatu mitatu huanza kutoka tena, taa zikiwashwa moja baada ya nyingine.

Taa ya kwanza ikiwaka, ombeni hesabu. Msisubiri giza. Dereva mliyepatana naye asubuhi, na ambaye namba yake mliihifadhi, awe tayari getini. Teksi ni bora kwa saa hiyo, na kama ni motari chukueni wawili, kila mmoja wenu na wake, mmoja akimfuata mwingine bila kuachana. Mwambieni apite barabara ya lami hata kama ni ndefu zaidi, na nauli mlipe mkishafika mlangoni, kwa zile franga ndogo mlizozitenga tangu asubuhi.